Kuzeeka si Kuchakaa

Ndugu msomaji, usicheke nikikuandikia habari za simbilisi. Mnyama huyu mdogo, aliyefugwa kwanza na wenyeji wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini maelfu ya miaka iliyopita, leo ni mwenyeji wa jikoni katika nyumba nyingi za pande hizi za Ziwa Kivu. Hapa Nyamyumba, ninakoishi tangu nilipoacha kufundisha, mjukuu wangu anaye jike mmoja wa rangi ya majivu. Kwa muda wa miaka 4 jike huyo alizaa wana ambao, kama ilivyo kwa jamii yao, huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyo wazi. Wana hao tuliwauza, na madaftari ya shule yakapatikana.

Alipoingia mwaka wa 5 akakoma kuzaa. Kiangazi kilichopita alianza kujikokota. Manyoya yalipoteza mng'ao, na kila alipoinuliwa alilia. Jirani yetu, mtu mwema asiye na kinyongo, akatushauri: "Huyo amechakaa, mwalimu. Mleni kabla hajajifia." Nami nikaitikia kwa kichwa.

Usiku ule mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, kwani simbilisi ni shati?"

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, lakini swali lile lilinipata. Nguo huchakaa, mkeka huchakaa, kiumbe huzeeka. Kilichochakaa hutupwa. Mimi mwenyewe hushuka kwenye chemchemi za maji ya moto kandokando ya ziwa, kukanda magoti yangu pamoja na wazee wenzangu, na hakuna aliyepata kusema kuwa nimechakaa.

Asubuhi yake tulimpeleka kwa bwana mifugo. Alimpapasa viungo, akamtazama meno, kisha akauliza, "Anakula nini?" Nikamweleza kuwa tunampa mabua makavu na maganda ya viazi yaliyochemshwa, maana majani mabichi yalikuwa mbali bondeni, na miguu yangu haikuipenda safari hiyo. Akanifahamisha kwamba simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Huipata katika majani mabichi, mboga na matunda, nayo hupungua sana chakula kikikaushwa au kupikwa. Akiikosa kwa majuma machache, viungo huvimba na kumwuma. Kumbe sehemu ya ule tuliouita uzee ilikuwa uvivu wangu.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Alipewa majani mabichi kila siku, pamoja na vipande vya mapera na pilipili hoho. Majani ya viazi mviringo tuliyaepuka kwa sababu ya sumu yake. Tulimkata kucha, tukamtandikia nyasi laini, na bakuli la maji tukaliweka karibu na malazi yake. Kila Jumamosi mjukuu wangu humweka kwenye mizani ya jikoni. Siku ya kwanza alikuwa na gramu 640; baada ya mwezi mmoja akafika gramu 760. Ujana haukurudi: jicho moja lina ukungu, na mwendo wake ni wa kusitasita. Lakini halii tena akiinuliwa.

Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Ni mara ngapi nimeisomesha methali hiyo darasani, wala nisijiulize zizi lenyewe lina nini cha kumpokelea huyo anayerejea!

Jumamosi iliyopita mizani ilionyesha gramu 735.

"Ni uzee, Babu?" mtoto aliniuliza.

Huenda ni uzee, kwani simbilisi kwa kawaida huishi miaka 5 hadi 8, na siku hiyo haitakosa kufika. Lakini neno hilo nililitumia vibaya mara moja, nami sikutaka kulitamka upesi mara ya pili. Nilichukua mundu, nikashuka bondeni.