Chumba cha Daraja la Kwanza



Kila likizo inapokaribia, sisi mafrateri huwa na mjadala uleule: tusafiri kwa chombo gani, tulale wapi, na nani atalipa. Leo tunaandika juu ya mjadala mmoja ambao tuliushinda kwa hoja, kisha ukatushinda kwa matendo. Ulihusu chumba cha daraja la kwanza katika meli.

Ilikuwa Julai, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025. Tulikuwa watano, watatu wa Shinyanga na wawili wa Geita, na tulikuwa tumemaliza mwaka wa kwanza wa falsafa. Kaka yetu mmoja alikuwa anapewa daraja takatifu la upadri huko Bukoba, nyumbani kwa wazazi wake. Huyu alikulia kwetu Shinyanga, maana baba yake alikuwa akifundisha shule ya msingi huku. Aliyemwandaa kwa Komunyo ya Kwanza ni katekista wa kigango chetu, mzee wa miaka 71 ambaye sote tunamwita Mwalimu. Kaka yetu alituma neno: msije bila Mwalimu.

Njia ya basi tunaijua. Kutoka Shinyanga unapita Kahama, Ushirombo, Biharamulo na Muleba mpaka Bukoba. Ni mwendo wa kutwa nzima, na mgongo wa mzee si wa kuuchezea. Tukiwa bado tunajikuna vichwa, muumini mmoja wa Geita, mchimbaji mdogo anayemfahamu Mwalimu tangu zamani, alisikia habari hiyo. Wiki ile duara lake lilikuwa limetema. Akatuita, akatupa bahasha yenye laki tatu, akasema, "Nendeni Mwanza mpande meli. Chukueni vyumba, mlale."

Hakusema zaidi ya hapo. Tulimshukuru na tukaondoka.

Basi tukaanza kupiga hesabu. Meli yenyewe ilikuwa MV Victoria, ile iliyoanza kazi mwaka 1961 na kurudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Inaondoka Mwanza usiku, inapita Kemondo, na asubuhi uko Bukoba. Daraja la tatu ni kiti. Daraja la kwanza ni chumba, kitanda, shuka safi, na mlango unaoufunga mwenyewe. Nauli ya chumba ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kiti.

Mmoja wetu alikuwa na simu yenye bando. Akatuonyesha picha za meli ya kitalii iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Marekani mwaka 2024. Ndani yake kuna chumba cha familia chenye ghorofa tatu, na mtelezo wa watoto. Abiria wa vyumba vya namna hiyo wana mahali pao pa kulia chakula na mtu wa kuwahudumia. Tulicheka sana. Lakini picha ile ilitupa silaha. Kama ule ni ufahari, tulisema, basi na chumba cha MV Victoria ni ufahari uleule, umepunguzwa ukubwa tu. Padri wa jimbo haweki nadhiri ya ufukara kama mtawa, ni kweli, lakini Sheria ya Kanisa, kanuni ya 282, inawataka makleri waishi maisha ya kawaida na kuepuka yale yanayonuka majivuno. Tuanze lini kujizoeza, kama si sasa?

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kigangoni kwetu kulikuwa na kijana wa kidato cha pili aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa bweni. Tukikaa daraja la tatu, zaidi ya nusu ya bahasha inabaki. Kijana anarudi shule. Nani angepinga hapo?

Tulimuuliza Mwalimu. Tunakiri namna tulivyomuuliza. Tulisema, "Mwalimu, sisi tumeamua kukaa na wananchi wa kawaida ili tumsaidie yule mtoto. Wewe unaonaje?" Swali la namna hiyo lina jibu moja tu, na Mwalimu akalitoa: "Wanangu, mimi popote."

Tukakata tiketi sita za daraja la tatu.

Tulipanda meli mapema, tukapata viti karibu na dirisha. Kulikuwa na akina mama na watoto wao, wafanyabiashara na mizigo yao, vijana na redio. Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Tuliimba, tukasali rozari, na watu wakaitikia. Mwalimu hakuwahi kupanda meli maishani mwake. Taa za Mwanza zilipoanza kufifia alisema jambo moja tu, kwamba mwaka 1996 alimzika jirani yake. Hatukuhitaji kuuliza. Nani wa Kanda ya Ziwa asiyeijua tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, na mamia ya watu wakapotea? Inaelezwa kwamba abiria wa madaraja ya juu walikuwa kwenye orodha, ila wa daraja la tatu hawakuorodheshwa. Usiku ule, tukiwa na tiketi zenye majina yetu mfukoni, tulilichukua neno la Mwalimu kama uthibitisho kwamba tumekaa mahali panapotustahili, pamoja na wale wasiohesabiwa.

Saa saba usiku tulikuwa tumelala, vichwa vikiangukiana. Ujana hulala popote. Mwalimu hakulala. Tulikuja kujua baadaye, kutoka kwa mama aliyekaa mbele yetu, kwamba mzee alikuwa akisimama, akikaa, akisimama tena, akijishika kiuno, na kila mara akiturudishia sweta mabegani ili tusipate baridi.

Bukoba tulifika kumekucha. "Mwangaluka, Mwalimu!" Akaitikia, lakini hakuinuka. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu vikakataa kuingia. Wawili wetu walimshika mikono, tukashuka naye polepole, watu wote wakitupita. Badala ya kwenda kwa wenyeji wetu tulikwenda zahanati, akapewa dawa na kuambiwa alale na kuinua miguu. Alilala siku nzima, kitanda kilekile tulichokataa kumpa usiku.

Kesho yake ilikuwa siku ya upadirisho. Kaka yetu alikuwa amepanga Mwalimu aandamane pamoja na wazazi wake kwenye maandamano ya kuingia. Mwalimu hakuweza kuandamana. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na nguzo, viatu vikiwa chini ya kiti. Litania ya Watakatifu ilipoanza na kaka yetu akalala kifudifudi mbele ya altare, tulimwona mzee anajaribu kupiga magoti. Akashindwa, akarudi kitini, akainamisha kichwa. Hapo ndipo wimbo ulipotukauka kooni.

Tulichompokonya hakikuwa kitanda peke yake. Miaka 20 na zaidi alikuwa amemngoja mtoto yule asimame altareni. Tulimfikisha, lakini tulimfikisha akiwa amechoka kiasi cha kushindwa kupiga magoti.

Na ile fedha? Tuseme ukweli, kwa sababu tulikwisha usema kwenye kitubio na hauna siri tena. Sehemu ilikwenda kwenye dawa na bajaji. Sehemu ilikwenda kwenye chakula, maana samaki wa Bukoba hawajui nadhiri za mtu. Sehemu nyingine tulimnunulia padri mpya zawadi, tukaandika juu yake majina yetu matano, si jina la aliyetoa fedha. Wakati wa kurudi tulimkatia Mwalimu chumba, na mmoja wetu akalala naye humo kumwangalia. Chumba kilikuwa kidogo, vitanda viwili, pa kutundikia koti, basi. Asubuhi Mwalimu alitoka akitembea mwenyewe, akatueleza kwa kirefu jinsi shuka zilivyonukia sabuni.

Kwenye bahasha ilibaki Sh 23,500. Kijana wa kidato cha pili hakuwa amepata hata senti.

Tulikwenda Geita, sote watano, tukiwa na bahasha na karatasi ya matumizi. Tulimkuta yule mchimbaji karibu na karasha, amejaa vumbi. Alisoma karatasi yote. Akahesabu zile fedha, noti kwa noti, akazitia mfukoni. Kisha akasema, "Niliwapa usingizi, ninyi mkauuza."

Tukanyamaza. Akatufafanulia, bila hasira. Shimoni, alisema, kuna zamu za usiku. Kuna wiki unatoka asubuhi hujui mchana ni upi, unalala juu ya viroba mashine ikinguruma pembeni. Duara likitema, wengine wananunua pikipiki, wengine wananunua pombe. Yeye kitu cha kwanza huenda Geita mjini akalipia chumba chenye mlango, akalala. "Ninyi mlidhani nimewanunulia ukubwa," akasema. "Mimi nilikuwa nawaza mgongo wa mzee." Halafu akauliza, "Miguu yake inaendeleaje?"

Tangu siku ile tumeurudia mjadala wetu mara nyingi, na safari hii na vitabu vyetu tumevisoma vizuri zaidi. Aristotle katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako anasema kuhusu matumizi ya fedha kwamba mtu anaweza kukosea pande mbili, kwa kumwaga na kwa kubana. Sisi tulijua upande mmoja tu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaufuata mkondo huo, na anamweleza mtu wa kubana kwa namna iliyotuchoma: huyu huanza kwa kutafuta namna ya kutumia kidogo, ndipo aiangalie kazi inayotakiwa kufanywa. Mwenye fadhila huanza na kazi, kisha anauliza inahitaji kiasi gani. Kazi yetu ilikuwa kumfikisha mzee mmoja kwenye furaha ya maisha yake, akiwa na nguvu za kuifurahia. Sisi tulianzia dirishani pa tiketi, kwenye bei.

Tunaona pia kwamba ndani ya bei ya chumba kuna vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kimoja ni huduma: godoro, utulivu, mlango, pa kunyosha miguu. Kingine ni kuonekana: kupita mbele ya wengine, kuitwa mheshimiwa, kula mbali na watu. Katika zile meli kubwa za kitalii hiki cha pili hubeba sehemu nzito ya bei. Katika chumba cha MV Victoria karibu chote ni cha kwanza. Lakini sisi tuliukataa utukufu ambao hakuna aliyetupa, na katika kuukataa tukajipatia utukufu mwingine, ule wa kuonekana maskini. Nao ulikuwa na nauli yake. Aliyeilipa ni Mwalimu.

Maandiko yenyewe hayajawa upande wetu kama tulivyodhani. Katika Injili ya Marko, sura ya nne, Bwana wetu amelala ndani ya mashua katikati ya dhoruba, na mwinjili anataja kwamba alikuwa amelalia mto. Hatusomi kwamba aliukataa. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, meli iliyombeba Paulo kwenda Roma ilikuwa na watu 276, wafungwa na askari pamoja, na Luka anatoa hesabu ya wote kabla haijavunjika. Wote walifika nchi kavu, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao. Kila mmoja kwa alivyoweza.

Ndugu msomaji, huenda wewe hufikirii meli. Huenda unapanga ambulensi au gari la kukodi la kumpeleka mama hospitali ya rufaa, au parokia yenu inajadili kama paroko mzee anunuliwe godoro jipya wakati paa la kigango linavuja. Usitafute jibu kwetu, kwa sababu paa nalo ni la haki, na mchango wa bweni wa yule kijana ulikuwa wa haki. Tunakuomba tu kabla ya kuamua umuulize mwenye mgongo, na umuulize kwa namna itakayomruhusu kujibu. Na ukitaka kujinyima, jinyime cha kwako. Tungeweza kukaa sisi watano kwenye viti, Mwalimu akalala chumbani, na kijana bado angepata kitu. Hesabu hiyo ni rahisi, mtoto wa darasa la nne anaiweza. Hakuna hata mmoja wetu aliyeifanya.

Mchango wa kijana tuliulipa mwezi uliofuata kwa kuchangishana wenyewe, na mmoja wetu aliuza saa. Yuko shuleni.

Mwalimu bado anafundisha Komunyo ya Kwanza kila Jumamosi. Watoto wakimwuliza habari za meli huwasimulia juu ya zile shuka zenye harufu ya sabuni. Usiku wa kwenda hausimulii, hata sisi tukiwepo.