Maneno ya Giza katika Kiingereza

Mwanafunzi wa Kiingereza hujifunza mapema kwamba usiku usio na mwezi wala nyota husemwa kuwa ni "pitch dark". Huyakariri maneno hayo na kuyatia katika insha zake, wala asiulize "pitch" ni kitu gani. Mimi hupenda kuuliza, kwa sababu kila neno lina ukoo wake, na ajuaye ukoo wa neno hadanganywi nalo kwa urahisi.

"Pitch" hii si uwanja wa mpira, wala si kupanda na kushuka kwa sauti. Hizo ni maana za neno jingine linalofanana nalo kwa umbo. Hii ni lami iliyopatikana kwa kuchemsha utomvu wa misonobari hata ukawa mzito na mweusi. Jina lake Waingereza walilichukua zamani sana katika neno la Kilatini "pix". Waliipaka baina ya mbao za merikebu ili maji yasipenye, kama vile mafundi wa pwani yetu wanavyokalafati majahazi. Ilikuwa bidhaa ya thamani hata mwaka 1705 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwalipa nyongeza walioileta kutoka makoloni ya Marekani. Kwa weusi wake ikawa kipimo cha giza. Na kwa kuwa hunata mikononi mwa aigusaye, ikawa pia mfano wa dhambi.

Neno "black" nalo lina kisa cha ajabu. Katika Kiingereza cha miaka 1,000 iliyopita palikuwa na maneno mawili yaliyokaribiana mno: "blæc", yaani rangi nyeusi, na "blac", yaani weupe wa kung'aa au wa kufifia. Baadaye yaliandikwa mara nyingine kwa namna moja, ikambidi msomaji atafute maana katika sentensi nzima. Jamaa wa hilo la pili yu hai hata leo katika "bleach", yaani kuifanya nguo iwe nyeupe.

"Gloom" lilianza usoni pa mtu. Maana yake ilikuwa kukunja uso. Ndipo katika karne ya 17 likatumiwa kwa giza la mahali. "Dark" lilikwenda mbali zaidi. Tangu kale lilikuwa na maana ya kukosa nuru, na pia ya huzuni na uovu. Tena likawa sifa ya jambo lisilojulikana. Hapo ndipo impasapo msomaji kuwa macho, kwa maana penye jambo lisilojulikana pana mtu asiyelijua, na neno hili halimtaji mtu huyo.

Mwaka 1878 H. M. Stanley alichapisha kitabu juu ya safari yake iliyoanza Zanzibar mwaka 1874 na kufika Boma, upande wa Atlantiki, mwaka 1877. Katika jina la kitabu hicho aliliita bara letu "Dark Continent". Lakini njia ya Bagamoyo hata Ujiji ilikuwa imekwisha kukanyagwa na misafara ya wapagazi kabla Mzungu yeyote hajaiona. Na alipofika Manyema mwaka 1876, Stanley alipatana kwa malipo na Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja na mfanyabiashara wa pembe na watumwa, amsindikize mbele. Wenyeji wa kando ya mito ile nao walijua vijito vyao na majina yake. Giza lilikuwa katika ramani za London. Wahenga wetu walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Sisemi haya ili mwanafunzi akichukie Kiingereza. Kiswahili nacho huita ujinga giza, na elimu huiita nuru. Nasema ili akutanapo na neno la giza kitabuni, likinenwa juu ya nchi, watu au zama fulani, atulie kidogo na kuuliza: giza hili limo katika kitu kinachotazamwa, au limo katika macho ya anayetazama? Kamusi itamwonyesha njia ya neno. Jibu la swali hilo atalipata kwa kuwasikiliza wale wanaosemwa.