Magauni ya Guangzhou

Wadau, mwenzenu yamenikuta. Kamati ya harusi ya dada ilinikabidhi hela ya magauni sita ya wapambe, nami kwa ujuaji wangu nikayaagiza Guangzhou badala ya kwenda zangu Kariakoo. Kwa ndege, maana mzigo wa meli ungefika fungate imeisha.

Yaliingia Jumanne, harusi Jumamosi. XL ya Kichina, jamani! Haikupita hata mabegani kwa binti mwembamba kuliko wote. Kosa langu: nilituma saizi, sikutuma vipimo vya sentimita.

Fundi wetu wa mtaani akafumua mawili ili apanue manne. Wapambe wakabaki wanne. Waliokatwa ni watoto wa shangazi, na shangazi mpaka leo hapokei simu yangu.