Bakuli la Herrnhut na Hodi za Tukuyu

Kila mwaka, katika mji mdogo wa Herrnhut, mashariki kabisa mwa Ujerumani karibu na mpaka wa Poland na Ucheki, watu wachache huketi mezani kupiga kura. Bakulini kuna vikaratasi vya namba, na kila namba ina mstari wake wa Agano la Kale. Mistari yenyewe ni zaidi ya 1,800. Mmoja anachomoa, mwingine anaandika, mpaka kila siku ya mwaka ipate mstari wake. Kura ya mwaka huu si ya mwaka ujao, ni ya mwaka wa tatu kutoka sasa, maana watafsiri na wachapaji wa lugha zaidi ya 50 wanahitaji muda. Mstari wa Agano Jipya haupigiwi kura. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kutafuta unaoendana na ule uliotoka bakulini.

Hivyo ndivyo kinavyozaliwa kitabu cha neno la siku cha Wamoravian, kinachochapishwa kila mwaka tangu 1731. Wamisionari wa kanisa hilo, akiwemo Theodor Meyer, walifika Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ndiyo yenye Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kwa hiyo sisi tuliozaliwa katika nyumba za Kimoravian kule Tukuyu tulikikuta kitabu hiki mezani kabla hatujajua kusoma. Sasa naishi Dresden, safari fupi ya treni na basi kutoka kwenye lile bakuli, na kinachonishangaza ni jinsi kitabu kimoja kinavyoweza kulea desturi mbili zisizofanana hata kidogo.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa miaka themanini na kitu, hukiweka kitabu chake kando ya kikombe cha kahawa. Anachemsha yai, anasoma mstari wa juu, anasoma wa chini, ananyamaza kidogo, halafu anapasua yai. Siku aliyonikaribisha kifungua kinywa niliona kwamba pembeni ya kila tarehe ameandika kwa penseli neno moja au mawili: jina la mjukuu, daktari, theluji. Vitabu vya miaka iliyopita vimejipanga rafuni, vyote vina penseli yake. Hakuna mtu mwingine anayejua alichosoma asubuhi hiyo. Nilipomuuliza huwa anasali na nani, alinitazama kama mtu aliyeulizwa ana akiba kiasi gani benki.

Nyumbani sala ilikuwa mali ya nyumba. Vyombo vya chakula cha usiku vikishaondolewa, baba alisema "Haya," na hilo lilitosha. Kitabu alipewa mtoto aliyejua kusoma juzijuzi. Akikwama kwenye Nebukadreza, mama mdogo alimmalizia kutoka jikoni bila kuona karatasi. Kisha wimbo, ambao baba aliuanzisha juu mno kila mara, hata ubeti wa pili ukawa wa akina mama peke yao. Kisha maombi, na hapo ndipo majina yalipotajwa: shangazi anayeumwa mguu, jirani aliyeibiwa ng'ombe, mtoto wa fulani anayesubiri matokeo ya darasa la saba. Mtu akitaka kujua habari za mtaa mzima angeketi tu akasikiliza maombi yetu. Aliyesinzia alifinywa, na aliyetaka kwenda kulala kabla ya sala alidaiwa maelezo.

Ndiyo maana wengi wetu tukishafika Ulaya sala hupukutika ndani ya miezi michache, na watu wa nyumbani wakisikia wanasema mzungu amembadilisha. Mimi sioni kama ni imani iliyopungua. Aliyekuwa akisema "Haya" hayupo. Tulilelewa katika sala inayobebwa na wengi, halafu tukapangishiwa chumba kimoja chenye kitanda kimoja, tukaambiwa tuibebe wenyewe kabla ya treni ya saa kumi na mbili asubuhi.

Lakini na sisi tusijisifu kupita kiasi. Nyumbani tulisali sana kuliko tulivyosoma. Nimekaa kwenye mikesha ambako Neno lilisomwa kwa dakika chache na maombi yakaenda hadi majogoo, na wakati wa kutawanyika hakuna aliyekumbuka kilichosomwa. Yule mama wa yai, kwa ukimya wake wote, anakumbuka. Ukimtajia mstari, anajua uliangukia mwaka gani mume wake alipolazwa.

Historia ya kitabu chenyewe ilinifungua macho. Herrnhut ilianzishwa 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, kwenye ardhi ya kabaila kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Agosti 1727 wakaanza zamu za maombi za usiku na mchana. Halafu jioni ya tarehe 3 Mei 1728, baada ya kuimba, Zinzendorf akawapa watu neno la kwenda nalo siku inayofuata. Hapakuwa na kitabu. Kila asubuhi ndugu walilibeba neno na kulipeleka nyumba kwa nyumba, katika nyumba 32 zilizokuwapo wakati ule. Mpeleka neno aliingia ndani, akalisema, akaona na hali ya waliomo. Kitabu kilikuja miaka mitatu baadaye, na kilikuja kwa wakati wake, maana wamisionari walikuwa karibu kusambaa: Karibi 1732, Greenland 1733. Huwezi kupiga hodi Greenland kila asubuhi.

Kwa hiyo mama mdogo aliyekuwa akitoka na kanga mabegani kwenda kumsomea neno bibi kizee wa jirani asiyeona, alikuwa karibu na Herrnhut ya 1728 kuliko Wajerumani wengi wanaokinunua kitabu hicho dukani. Hakuwahi kulihusisha hilo na jina la Zinzendorf. Alikuwa anakwenda kumsalimia jirani, basi.

Hata hivyo kuna kitu ambacho Ujerumani wamekihifadhi na sisi tumekiacha kipite, nacho kiko chini kabisa ya ukurasa. Chini ya mistari miwili ya siku, kwa herufi ndogo za kumtafutisha mtu miwani, toleo la Kijerumani lina marejeo mawili ya Biblia. Rejeo la kwanza linafuata mada ya juma katika kalenda ya kanisa. La pili ni mpango wa kusoma mfululizo, kipande kwa kipande, na ukiufuata bila kuruka utalimaliza Agano Jipya kwa miaka minne. Wengi huziruka herufi hizo. Mimi, mtu akiniuliza namna ya kuzidisha kina katika kusali na kusoma kila siku, simwambii anunue kitabu kingine cha tafakari, chenye jalada la machweo na mwandishi anayecheka. Namwonyesha herufi ndogo.

Maana mstari mmoja kwa siku una hatari yake. Otto von Bismarck, kansela aliyeitisha mkutano wa Berlin wa 1884–85, alikuwa msomaji wa kitabu hiki, na nakala zake zimeandikwa maelezo kwa mkono wake. Wamoravian walipofika Rungwe, walikuta nchi iliyokwisha kugawiwa Ujerumani kufuatia mambo aliyoyasimamia msomaji mwenzao. Mstari uliokatwa kutoka kwenye sura yake ni mpole. Unaweza kuishi na mtu miaka mingi bila kumkosesha usingizi. Nyumbani tunao ugonjwa wetu wa aina hiyohiyo: mstari ukitoka vizuri siku ya safari, ni ishara, ukitoka wa hukumu, tunatafuta ni jirani gani umemlenga.

Mtu aliyeliona hili mapema ni Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyenyongwa na Wanazi huko Flossenbürg, Aprili 1945. Katika Gemeinsames Leben, kitabu chake cha 1939 kuhusu maisha ya pamoja, anakitaja kitabu cha Herrnhut kwa shukrani, kisha anaonya kwamba mistari mifupi haiwezi kushika nafasi ya kuyasoma Maandiko kwa mfululizo. Kwa maoni yake Wakristo walio pamoja wanaweza kabisa kusikiliza sura nzima ya Agano la Kale na walau nusu sura ya Agano Jipya, asubuhi na jioni. Najua baadhi ya wasomaji wangu hapa wamecheka. Lakini Bonhoeffer huyohuyo, alipokuwa akiwafundisha wachungaji vijana Finkenwalde kati ya 1935 na 1937, kabla Gestapo hawajafunga mlango, aliwataka kila mmoja akae kimya nusu saa na kifungu kifupi, kifungu kilekile juma zima. Yaani kirefu mkisome pamoja, kifupi ukae nacho peke yako. Sisi tumepindua: kifupi tunakisoma pamoja, na kirefu hatukisomi kabisa.

Na alipofungwa Tegel, jijini Berlin, rafiki yake Eberhard Bethge akiwa askari Italia, kitabu hiki ndicho walichoshirikiana. Mmoja yuko selo, mwingine yuko vitani, wote wamefungua tarehe ileile. Bonhoeffer alimwandikia Bethge maelezo ya mistari ya siku. Hapo mstari mfupi unafanya kazi yake hasa. Ni mahali pa kukutania watu wasioweza kukutana.

Kwetu mahali hapo pamekuwa WhatsApp. Tuko ndugu wachache: mimi Dresden, dada yangu Mbeya mjini na mumewe ambaye ni mwinjilisti, na mama mdogo kule Tukuyu. Majira ya baridi Tanzania iko mbele yetu kwa saa mbili, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri ya huku ni saa moja asubuhi kwao, na mama mdogo ameshakamua ng'ombe. Mstari wa siku kila mtu anausoma peke yake na kukaa nao. Sura ndiyo tunayosomeana. Mwenye zamu anaisoma yote kwa sauti kwenye simu, bila kurudia hata akikwama, na jogoo akiwika tunamsikia. Wengine wanasikiliza, kisha kila mmoja anaweka swali moja na jina moja la kuombewa. Mama mdogo amepiga marufuku vile vikatuni vya mikono iliyofumbatwa. Anasema mtu akituma mikono haijulikani kama amesikiliza.

Ulaya ina adabu zake pia. Kanuni za jengo letu zinataka kimya kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na sauti ya mwinjilisti akisoma Ezekieli haitambui ukuta. Nilikuta karatasi mlangoni, imeandikwa kwa heshima kubwa na bila jina. Tangu hapo sura naisikiliza kwa visikizi nikielekea kituo cha tramu, na maombi nayasema chini kwa chini njiani. Hapa mtu anayezungumza peke yake barabarani hadhaniwi kitu, anadhaniwa yuko kwenye simu. Zamu yangu ya kusoma nimeihamishia jioni.

Na Jumamosi nampelekea yule mama wa chini mkate, tunasoma kwa sauti, yeye katika tafsiri ya Luther na mimi katika ile Biblia ya 1952 tuliyokulia. Mwanzoni alisoma kama mtu anayesaini hati. Sasa anachelewesha mistari anayoipenda. Anaona tunasoma mno, na hajaficha.

Juzi tulifika Waamuzi 11, habari za Yeftha na nadhiri yake ya kumtoa sadaka atakayetoka nyumbani kumlaki, na binti aliyetoka nyumbani kumlaki baba yake kwa matari na kucheza. Mistari yote miwili ya siku ile ilikuwa ya faraja. Shemeji mwinjilisti alituma maelezo marefu kuhusu ubaya wa nadhiri za haraka. Mama mdogo akajibu: "Mwanangu, nimekusikiliza mpaka mwisho. Sijakuuliza kuhusu nadhiri. Nimeuliza mji mzima ulikuwa wapi, mbona hakuna aliyemzuia?" Dada alijaribu, na mimi nikajaribu. Akasema hatusogei.

Jumamosi nililipeleka swali lake ghorofa ya chini. Yule mama alisema amekisoma kitabu kidogo tangu kipaimara na hajawahi kumwona binti huyo humo. Akaenda kuchukua Biblia yake kubwa, akaisoma sura yote akiwa amesimama, kisha akataka nimtafsirie kwa usahihi kabisa alichosema mama mdogo. Alichokiandika kwa penseli sikukiona. Sura ya 12 inatusubiri, na mama mdogo hajatoa ruhusa.