Meta 300 nje ya msitu

Najua nimepotea wiki mbili, msinune. Projekti ya mwaka wa mwisho imenishika koo.

Kwa wasiojua, tuko wanne na tunapanga mfumo mmoja wa kutunza taarifa za porini za Milima ya Udzungwa: nani kaona mnyama gani, wapi, lini, na mitego ya nyaya imekutwa wapi. Kila mtafiti ana daftari lake au faili lake la Excel, na hayo mafaili hayaelewani kabisa.

Basi bwana, juzi nikaunganisha mafaili mawili nikachora ramani. Mitego 11 ikaangukia mashambani kwa wanakijiji, nje ya hifadhi. Nikafurahi kijinga, hadi slaidi nikaandaa! Bahati nzuri nikampigia mzee aliyekuwa akiwaongoza watafiti wale.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Mitego gani ya shambani? Ile tuliinasua ndani ya msitu, pale kijitoni.”

Kumbe tatizo ni datamu. Ramani zetu za karatasi za zamani zimechorwa kwa Arc 1960, GPS kwa kawaida inasoma WGS84. Wale walizirekebisha GPS zao zifuate ramani na hakuna aliyeandika popote. Namba zilezile ukizisoma kwa datamu nyingine zinakuhamisha karibu meta 300. Jamani! Kule shamba na hifadhi vimepakana kama kitanda changu na ukuta. Ningeonyesha ile slaidi, watu wangeitwa majangili kwa uzembe wangu.

Sasa rekodi isiyotaja datamu, aliyeiandika na namba ya fomu yake, mfumo unaikataa. (Darwin Core, kiwango kilichopitishwa 2009, kina sehemu ya datamu. Sisi tuliiruka tukidhani inajaza nafasi tu.) Na mahali hasa walipo tembo na mitego wataona askari wa hifadhi, si kila anayeingia.

Kilichobaki ni mbega. Fomu nyingi zinasema “mbega” tu, na Udzungwa kuna mwekundu na kuna mweusi mwenye manyoya meupe mabegani. Mwenzetu mmoja anataka tuzifute zote, mimi nasema zibaki “mbega” hivyohivyo, maana aliyeandika alimwona mbega. Hatuongei tangu jana. Kesho nampigia babu tena, huenda anakumbuka.

Nawaacha, maji yametoka na foleni ya bafuni ishafika kwenye ngazi.