Safari ya India kwa Miguu, Pamoja na Mtoto wa Kulea

Watu wa Dar es Salaam hawana haja ya meli ili kuionja India. Mwenye miguu mizima na nusu siku ya mapumziko aweza kuondoka penye Sanamu ya Askari, akapita Mtaa wa India, na Kisutu, na Mtaa wa Jamhuri, akavuka uwanja wa Mnazi Mmoja, akaingia Kariakoo. Njiani atakuwa amesikia kengele za mahekalu, amenusa bizari na ubani, amesoma herufi asizozijua, kisha amerudi kwao bila kuulizwa pasi. Safari hiyo tuliifanya Jumamosi moja ya likizo, mimi na mama watoto, na binti zetu wawili, na mdogo wao wa kiume, ambaye ni mtoto wetu wa kulea. Nauli ya India yenyewe si ya mwalimu.

Mtoto huyu ana miaka tisa. Tulimpokea kwa njia ya Ustawi wa Jamii na korti, naye hajatimiza miaka miwili. Wazee wetu walisema mtoto wa kulea, na wengine mwana wa kupanga. Sheria ya siku hizi husema kuasili. Neno hili la sheria nalipenda, maana ndani yake mna asili, kana kwamba nyumba yaweza kumpa mtu asili mpya. Walakini asili haitoki katika kalamu ya karani peke yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa kila mtoto haki ya jina, na uraia, na kuwajua wazazi waliomzaa. Basi sisi hatukumficha jambo hata siku moja. Wapo rafiki waliotushauri tumfiche mpaka awe mtu mzima, nao walishauri kwa upendo, bali mimi naona vinywa vya mtaani ni vingi, na siri ya namna hiyo humfikia mtoto ikiwa imekwisha kuoza.

Mwaka huu jirani yetu alikwenda India kutibiwa moyo, akarudi mzima. Tangu hapo mtoto hakutuacha: India iko wapi? Watu wake wako namna gani? Mbona wengine wako hapa mjini? Nikamwambia, tutakwenda.

Tulianza kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Mtoto akaizunguka mara mbili, akauliza, "Baba, huyu ana bunduki. Mwenye mzigo yuko wapi?" Nikamwambia kwamba mwenye mzigo tutamkuta mwisho wa safari. Akaridhika, akashika mkono wa dada yake.

Mtaa wa India na mitaa iliyo jirani nayo yataka mtu atembee akitazama juu. Chini kuna kelele na pikipiki. Juu ndiko yaliko majina. Wafanya biashara wa zamani waliojenga ghorofa hizi waliandika kwenye paji la nyumba jina la jamaa na mwaka wa kujengwa, pengine kwa herufi za Kigujarati, wakatia vibaraza vya kuviringa na nakshi za saruji. Nyingi zimekwisha kubomolewa, na mahali pake pamesimama majumba marefu ya vioo. Zilizobaki zina historia ya taabu: mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani iliyopita shilingi 100,000, na jamaa wengi wa Kihindi waliondoka nchini katika miaka ile. Wengine walibaki, wakawa wapangaji katika nyumba zilizobeba majina ya babu zao.

Binti yangu mkubwa, ambaye hupenda kamusi, akaanza mchezo wa maneno. Gari ni neno la India. Laki kadhalika. Pesa, bima, gunia, chapati, yote yalivuka bahari. Bepari, ambalo wengine hulitumia kama tusi, kwa asili ni mfanya biashara tu kwa Kigujarati. Mtoto akasikiliza, hata tulipofika penye muuza matunda dada yake akamwambia kwamba embe nalo, jina lake na mti wake, lilitoka huko. Hapo akakataa kabisa. "Embe ni letu," akasema. Dada yake akamjibu kwamba ndiyo, ni letu, nalo lilitoka India. Mtoto akanyamaza mwendo wa duka mbili tatu, nami nikamwona analitafuna lile neno.

Karibu na Kisutu tuliingia katika duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi, ambaye mama watoto hununua kwake mara kwa mara. Mzee akatukaribisha kwa viti, akawatazama watoto mmoja mmoja, akamwambia mke wangu, "Mama, huyu wa mwisho hafanani nanyi." Hakunena kwa ubaya, ni desturi ya wazee kusema waonayo. Mke wangu akamjibu, "Kwa uso hafanani, mzee wangu. Kwa uvivu wa kuamka asubuhi ni baba yake mtupu." Tukacheka wote. Kisha mtoto mwenyewe akasema, kwa sauti ya kutosha, "Mimi ni wa kulea." Mzee akaitika kwa kichwa polepole. Akatueleza kwamba babu yake alikuja kwa jahazi kutoka Kutch, na kwamba yeye amezaliwa hapa, na baba yake hapa. "Nikienda India," akasema, "huniuliza: mzee, wewe umetoka nchi gani? Nikirudi hapa, yuko kijana asiyekosa kuniuliza neno lile lile." Akampa mtoto peremende mbili, na dada zake moja moja, jambo lililoleta ugomvi mdogo nje ya mlango.

Tulipita mtaa wa mahekalu ya Wahindu, tukaona viatu vimepangwa mlangoni na mashada ya maua ya manjano. Tukapita Jamatkhana ya Waismailia yenye mnara wa saa. Nikawataja watoto habari za Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, aliyetoa mali yake kwa shule na hospitali bila kubagua rangi wala dini. Jina lake lingali katika hospitali ya Muhimbili. Ila jua lilikuwa limepanda, na matumbo hayasikilizi historia. Tukanunua sambusa na kachori, tukaenda kuketi kivulini Mnazi Mmoja.

Uwanja huu zamani ulikuwa mpaka. Waingereza waliugawa mji kwa taifa za watu: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati penye maduka, Waafrika Kariakoo, na kati ya Wahindi na Waafrika pakaachwa uwanja mtupu. Leo watu hupumzika hapo na kufanya mikutano. Hapo ndipo nilipowasimulia watoto habari ya Chuma, ambayo nilikuwa nimeiweka tangu asubuhi.

Chuma alikuwa mtoto wa Kiyao. Mwaka 1861 alikuwa katika msafara wa watumwa huko kusini ya Ziwa Nyasa, na Dakta Livingstone pamoja na wamisionari wa Universities' Mission wakaufungua msafara ule. Akabaki kwa wamisionari, hana kwao pa kurudi. Mwaka 1864 Livingstone alikuwa na merikebu ndogo ya moshi, jina lake Lady Nyassa, akataka kuiuza Bombay. Akavuka nayo bahari kutoka Unguja kwa siku kama 45, na ndani yake walikuwamo Chuma na kijana mwenzake Wikatani. Huko Bombay akawaweka katika shule ya Dakta John Wilson, naye akaenda zake Uingereza. Wakasoma, na mwaka 1865 wakabatizwa. Wala hawakuwa peke yao katika India. Watoto wengi Waafrika waliookolewa baharini katika majahazi ya watumwa walishushwa Bombay, na wengine wakalelewa katika kijiji cha Sharanpur karibu na Nasik. Ndio baadaye waliorudishwa pwani yetu, na wengi wao wakakaa Frere Town, karibu na Mombasa, tangu mwaka 1875.

Mwaka 1866 Livingstone akarudi Afrika pamoja nao. Walipofika upande wa Ziwa Nyasa, Wikatani alikutana na ndugu zake wa damu. Akaomba ruhusa, akabaki kwao. Chuma akaendelea na safari.

Mtoto wangu aliacha kula. Akauliza, "Chuma alijua jina la mama yake?" Nikamjibu kweli, kwamba mimi silijui jambo hilo. Akauliza tena, "Kati yao nani alifanya vizuri?" Nikasema kila mmoja alikwenda njia yake, wala mimi si mwamuzi wao. Akakaa kidogo, akachora mchanga kwa kijiti, kisha akasema pasipo kututazama, "Mimi nikiwakuta wangu, mtaniacha huko?"

Mimi nilikuwa natafuta maneno. Mama yake hakutafuta. Akamwambia, "Mwanangu, siku hiyo tutakwenda sote. Chakula nitapika mimi, maana hatujui kama watakuwa na cha kutosha. Tutawasalimu. Ukitaka kulala, utalala. Ukitaka kurudi, kitanda chako kipo, na dada zako hawana ruhusa ya kukichukua." Mtoto akamtazama sana, akachukua kachori ya pili.

Hapa niseme neno kwa walimu na wenye nyumba. Wako waliomwita Livingstone baba wa vijana hawa. Mimi nakwenda taratibu. Aliwafungua, akawapeleka shule, na hayo si madogo. Lakini katika merikebu walifanya kazi, na aliporudi aliwachukua wawe watumishi wa safari. Malezi ya namna hiyo tunayo hata leo mijini. Mtu huleta mtoto wa ndugu kutoka bara kwa ahadi ya kumsomesha, akamwita mwanangu mbele ya wageni, na mtoto huyo ndiye aamkaye kwanza na alalaye mwisho, na ada ya shule ndiyo ikosekanayo kila mwaka. Ukitaka kujua kama mtoto analelewa au anatumika, usimwulize mwenye nyumba. Tazama nani hutumwa dukani usiku.

Lakini Chuma naye hakubaki mtu wa kutumwa tu. Livingstone alipofariki mwezi wa Mei mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Chuma na Susi na wenzao, pamoja na Jacob Wainwright aliyesoma Nasik, waliuchukua mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, safari ya miezi kama tisa. Na habari hii ndiyo niliyowawekea watoto: mwezi wa Mei mwaka 1879 Chuma aliondoka katika mji huu wetu wa Dar es Salaam akiwa mkuu wa msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson. Johnston akafa mwezi uliofuata huko Behobeho. Thomson alikuwa kijana wa miaka 21, hajui nchi, lakini msafara ulifika Nyasa na Tanganyika ukarudi pwani, na Chuma ndiye aliyeuongoza. Alifariki Unguja mwaka 1882, naye bado si mzee.

Tukavuka Mtaa wa Lumumba tukaingia Kariakoo. Jambo la kwanza walilotaka watoto ni kuuona Mtaa wa Livingstone. Ni mtaa wa maduka kama mingine, wala hapana la ajabu. Binti mdogo akauliza Mtaa wa Chuma uko wapi, tukautafuta kwa macho tusiuone.

Tukauona wa Narung'ombe, na Tandamti, na Mahiwa. Watu huyataja majina haya kila siku wakitafuta vitambaa na vipuri vya simu. Ni majina ya mahali palipopiganwa huko kusini mwaka 1917. Kariakoo lenyewe ni jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambao Waingereza waliwaweka hapa baada ya kuutwaa mji mwaka 1916. Upande wa Waingereza peke yake walichukuliwa wapagazi yapata milioni moja katika vita vile, na waliokufa, wengi wao kwa ugonjwa na njaa, walikaribia laki moja. Nikamwambia mtoto, "Huyu ndiye mwenye mzigo uliyemwuliza asubuhi. Hakupewa sanamu yake peke yake, akapewa soko." Akatazama watu waliobeba marobota kichwani wakipiga kelele tupishe njia, akasema, "Mbona yupo bado?"

Soko la kwanza lilifunguliwa hapa mwaka 1923. Jengo lililo maarufu, lenye paa kama miavuli ya saruji iliyogeuzwa ili kukinga maji ya mvua, lilichorwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, likaungua mwezi wa Julai mwaka 2021. Mimi ningependa kukaa na paa lile kwa saa nzima, lakini familia yangu haikukubali.

Tulimalizia Mtaa wa Kongo, ambako mama watoto alitaka viatu vya shule. Yeye akipatana bei, mimi husimama mbali kama mtu asiyemjua. Muuzaji, kijana mcheshi, alipochoka akamgeukia mtoto, akasema, "Dogo, mama yako ni mkali hivi na nyumbani?" Mtoto akamjibu, "Nyumbani zaidi." Viatu tukavipata kwa shilingi 18,000. Ni vikubwa kidogo, lakini kabla ya Krismasi atavijaza.