Jina la kuokota na jina la kupewa

Mji wetu wa Kisangani uliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966. Marehemu baba alisema « Stan » mpaka kufa kwake. Siku moja darasani, kijana mmoja akauliza: « Mwalimu, ile jina Stanley, maana yake nini? » Nilinyamaza. Kijana huyu anaitwa kwa jina la upande wa mama yake, na wenzake humcheka: eti hana baba. Nikaenda kutafuta.

Kumbe Stanley kwanza ni jina la vijiji huko Uingereza. Katika Kiingereza cha kale, stan ni jiwe, leah ni mahali palipofyekwa porini. Waliotoka pale waliitwa hivyo, na watoto wao wakarithi.

Lakini yule wetu hakurithi kitu. Alizaliwa mwaka 1841 huko Denbigh, nchi ya Wales, kwa mama asiyeolewa. Waliandika John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini. Jina la Stanley alilitwaa Marekani, ukubwani. Na alipopasua njia pale Vivi, karibu na Matadi, mwaka 1879 na 1880, watu wakamwita Bula Matari, mvunja mawe. Baadaye serikali yote ya mkoloni, pamoja na kodi na viboko vyake, ikaitwa vile.

Nikamrudilia kijana mbele ya wenzake: « Jina walilopachika mji mzima lilikuwa la kuokota. Lako, mwanangu, wazee wa mama yako walikupa wakijua kwa nini. Uende uwaulize. »

Siku hiyo hakuna aliyecheka.